Mkuu Asiyesikia la Mdogo

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo hufundishwa katika kila nyumba, lakini katika nyumba ya askari hufundishwa mara mbili: kwanza na mama jikoni, kisha na baba arudipo kutoka gwaride, hali viatu vyake bado vina vumbi. Sajini mmoja, ambaye sasa amestaafu na analima maharagwe yake kwa amani, aliishi kwa methali hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini ya utumishi. Aliipokea kwa baba yake, akaitumia kwa makuruta wake, akawarithisha watoto wake. Hakupata kuitilia shaka hata mara moja, mpaka siku alipoongoza askari tisa kuukata mteremko mmoja wa Mlima Elgon wakati wa mvua.

Mvua ilikuwa imenyesha siku nne bila kukoma. Kikosi kilitakiwa kifike ng'ambo ya bonde kabla jua halijatua, na njia fupi ilipita katikati ya mteremko mkali, uliolimwa mpaka juu na kukatwa miti yote. Walipofika hapo, kuruta mmoja aliyezaliwa mlimani humo akasimama, akainama, akatazama ardhi.

"Afande," akasema, "hapa pamepasuka. Kwetu tukiuona ufa wa namna hii hatupiti chini yake."

"Nani kakuuliza?" sajini akajibu.

Kuruta akanyamaza. Wakapita wote kumi, wakafika salama, na usiku ule, mbele ya moto, sajini akamfanyia mzaha kijana yule juu ya woga wake. Wenziwe wakacheka. Naye kuruta akacheka kidogo, kama ilivyompasa.

Usiku wa pili mteremko ule ukaporomoka wote. Kwa rehema ya Mungu hapakuwa na mtu. Asubuhi, waliporudi kwa njia ya mbali, sajini alitazama mahali walipopita, asione njia wala shamba, bali jeraha jekundu lililoanza juu kabisa na kuishia mtoni. Kuruta alisimama kando yake, wala hakusema neno. Hakutaka kumwaibisha mkubwa wake. Kimya kile sajini hajakisahau hata leo. Tangu hapo swali moja likawa linamjia kila alalapo: siku ile tulipopita salama, je, nilijua, au nilibahatika?

THELUJI NA ASKARI

Miaka michache baadaye sajini alipelekwa kozi ya viongozi wadogo. Siku moja mwalimu aliacha habari za silaha, akaanza kueleza jinsi majeshi ya nchi za baridi yanavyosafiri milimani, na jinsi theluji inavyoua. Wanafunzi wengine walitabasamu. Theluji yamhusu nini mtu wa Mbale au wa Gulu? Wengi wao walikuwa wameiona kwa mbali tu, juu ya Rwenzori, ambako kilele cha Margherita hufikia mita 5,109. Nayo theluji ile inazidi kupungua mwaka hata mwaka. Lakini sajini hakutabasamu. Aliposikia neno "poromoko," alikaa wima kitini.

Mwalimu alieleza ya kuwa theluji haishuki kutoka mbinguni ikawa kitu kimoja. Kila inaponyesha hufanya tabaka lake, na kila tabaka lina tabia yake. Moja ni gumu, jingine laini. Jingine tena ni la chembe chembe zisizoshikana, kama sukari. Mtu akitaka kuelewa, na amwage mtama juu ya ubao, aweke gunia la mahindi juu ya mtama huo, kisha auinamishe ubao pole pole. Kwa muda gunia litakaa kimya, na atazamaye atadhani kuwa limetulia. Walakini halikushikwa na kitu. Laongojea kidole tu. Ndivyo lilivyo bamba la theluji lililolala juu ya tabaka dhaifu. Na mara nyingi kidole hicho ni uzito wa mtu mwenyewe apitaye. Watu hudhani kuwa sauti ya mtu ndiyo iangushayo theluji. Sivyo. Katika ajali nyingi zilizoua wasafiri wa milimani, aliyeliangusha bamba ni yeye mwenyewe aliyefukiwa, au mwenzake wa safari.

Kisha mwalimu akasimulia habari za kambi mbili za askari.

KAPTENI ALIYETAZAMA JUU

Ya kwanza ni ya Vita Kuu ya Kwanza. Wakati huo majeshi ya Austria-Hungaria na ya Italia yalikuwa yakipigana juu ya milima ya Alpi, katika baridi isiyoelezeka. Katika mlima Marmolada, mahali paitwapo Gran Poz, palikuwa na kambi ya Waustria, nyumba za mbao zilizojengwa chini ya ukuta wa mlima. Kwa hesabu ya vita mahali pale palichaguliwa vyema, kwa kuwa mizinga ya Waitalia haikuweza kupafikia. Adui wa mbele hakuiona kambi ile.

Lakini kamanda wa kombania, Kapteni Rudolf Schmid, hakutazama mbele tu. Alitazama na juu. Mwanzoni mwa Desemba 1916 aliona jinsi theluji ilivyojikusanya juu ya vichwa vya watu wake, akamwandikia mkuu wake barua ya kuomba kambi ihamishwe. Ombi likakataliwa. Theluji ikazidi kunyesha siku hata siku, nyaya za simu zikakatika, chakula kikaanza kupungua. Kapteni akaomba tena. Watu wakabaki pale pale.

Tarehe 13 Desemba 1916, yapata saa kumi na moja na nusu alfajiri, askari wakiwa wamelala, mlima ukaachia. Theluji na mawe vikashuka juu ya nyumba za mbao na kuzisaga. Katika kambi ile mlikuwamo askari zaidi ya 300, Waustria na Wabosnia. Watu wapatao 270 wakafa. Kapteni Schmid mwenyewe alitoka na majeraha madogo. Na siku zilizofuata theluji iliendelea kuua pande zote mbili za vita ile, bila kuuliza bendera ya mtu.

Mtu aweza kusema: ilikuwa vita, na katika vita askari hafi kwa kuchagua. Kwa hiyo mwalimu akaongeza habari ya pili, isiyo na vita ndani yake.

Tarehe 5 Machi 1986, katika bonde la Vassdalen, kaskazini mwa Norwei, si mbali na mji wa Narvik, kombania ya wahandisi wa jeshi la nchi hiyo ilikuwa ikifungua njia katika theluji. Yalikuwa mazoezi ya majeshi ya NATO, yaliyopewa jina la Anchor Express. Tahadhari ya wataalamu ilikuwapo, ya kuwa hatari ya maporomoko katika sehemu zile ni kubwa, na hofu ya kuingia bondeni ilikuwa imekwisha kusemwa. Lakini ratiba ilikuwa imeandikwa, na vikosi vingine vilikuwa vikiingoja njia ile. Mchana, theluji ikashuka kutoka mlima Storebalak, ikawakumba askari 31. Kati yao 16 wakafa. Mazoezi yakakomeshwa, na taifa zima likaomboleza.

Msomaji aliye mke wa askari, au mama wa askari, na alifikirie jambo hili. Mwana akienda vitani, nyumba huandaa moyo wake. Mwana akienda mazoezini, mama humwambia asisahau soksi. Zile nyumba 16 za Norwei hazikuwa zimeandaa moyo. Tena si hadithi ya zamani tu. Tarehe 7 Aprili 2012, kambi ya jeshi la Pakistan huko Gayari, karibu na barafu ya Siachen, ilifukiwa na poromoko, na watu 140 wakafa, askari pamoja na raia waliofanya kazi nao.

JINSI YA KUPITA

Mwalimu hakutaka wanafunzi wake waondoke na huzuni pasipo maarifa. Akawaeleza yale ambayo kila askari wa nchi za theluji hana budi kuyajua, nayo si mengi.

Kwanza ni mteremko. Mabamba ya theluji huporomoka hasa mahali penye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45. Penye mwinamo mdogo zaidi ya huo theluji hukaa. Penye ukali zaidi haikusanyiki sana, maana huanguka kidogo kidogo. Lakini mtu asiutazame mteremko ulio chini ya miguu yake peke yake. Mtu aweza kuwa katika bonde tambarare, kama wale wahandisi wa Vassdalen, huku kifo kimelala juu yake.

Pili ni hali ya hewa. Theluji mpya nyingi kwa muda mfupi ni hatari. Upepo ni hatari zaidi, kwa maana huibeba theluji kutoka upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili, hata mahali ambapo haikunyesha sana pakapata mzigo mkubwa. Joto la ghafla nalo hulegeza kilichokuwa kimeshikana.

Tatu ni dalili. Mlima husema kabla haujaua. Ukiona poromoko jipya mteremko wa jirani, umeambiwa. Ukiona ufa unakimbia katika theluji kutoka mguuni pako, umeambiwa. Ukisikia mguno mzito chini ya nyayo, kama kitu kilichoketi, umeambiwa mara ya mwisho.

Nne ni namna ya kuvuka. Ikiwa hapana budi kuvuka mahali pa mashaka, huvuka mmoja mmoja. Wengine husimama mahali salama, wakimtazama kwa macho yasiyopepesa, ili likitokea jambo wajue alipopotelea. Kikosi kizima kisisimame chini ya mzigo mmoja. Kila mmoja huvaa mwilini chombo kidogo cha redio kitoacho ishara, na kubeba ufito mrefu wa kuchomea theluji pamoja na beleshi. Vitu hivyo vitatu ni kitu kimoja: chombo huonyesha mahali, ufito humgusa aliyefukiwa, beleshi humtoa. Akosaye kimoja amekosa vyote.

Haraka hiyo ina sababu. Theluji iliyoporomoka ikisimama hugandamana kama saruji, na mtu hawezi kuinua hata mkono wake. Uchunguzi uliofanywa Uswisi unaonyesha ya kuwa waliofukuliwa ndani ya dakika 10 za kwanza, zaidi ya 9 katika kila 10 huwa hai. Zikipita dakika 30, hubaki kama 3 katika 10. Kwa hiyo msaada wa kutoka mbali, hata ukija kwa helikopta, aghalabu hukuta maiti. Mwokozi wa kweli ni yule aliye karibu, ndugu wa kikosi, mwenye beleshi mgongoni.

Mwalimu akaongeza ya kuwa huko Ulaya, tangu 1993, hatari hutangazwa kwa daraja tano zinazofanana katika nchi zote, na Norwei imekuwa na huduma yake ya taifa ya tahadhari tangu 2013. Daraja ya tano ndiyo ya kutisha kabisa. Lakini wengi hawafi katika daraja ya tano, kwa sababu siku hiyo watu hukaa nyumbani. Wengi hufa katika daraja ya tatu. Mtu huisikia tatu, huiona kuwa iko katikati ya moja na tano, hujiambia kuwa mambo ni ya wastani, na hutoka.

Ndipo mwalimu akasema lile lililomchoma sajini. Mtafiti wa Kimarekani, Ian McCammon, alichunguza mamia ya ajali za theluji za nchini kwake, akaona ya kuwa wengi wa waliofikwa na ajali hawakukosa dalili za hatari. Zilikuwapo mbele yao. Walichokosa ni nafasi ya kuzitii. Wengine walinaswa na mazoea: njia hii tumeipita mara nyingi. Wengine walinaswa na azma: tumekwisha kusema tutafika. Na wengine walinaswa na heshima: yuko mmoja kati yetu aonekanaye kuwa bingwa, nani atamsahihisha?

Sajini alilaza kalamu yake mezani. Akamwona tena yule kuruta, jinsi alivyoinama na kugusa ardhi kwa vidole.

DENI LA BAHATI

Jibu la swali lake alilipata siku hiyo, wala halikuwa jibu la kumpendeza. Alibahatika. Tena bahati ile ilikuwa imemfundisha uongo, kwa sababu baada ya kupita salama alijiona kuwa ndiye mwenye haki, na kijana kuwa ndiye mwoga. Akakijenga kiburi chake mbele ya moto. Mlima hausahihishi makosa ya mtu kila akoseapo. Humwacha apite mara kumi, naye huziita mara hizo kumi ujuzi.

Udongo si theluji, na hapana haja ya kuzichanganya. Udongo wa Elgon huangushwa hasa na mvua inayozama ndani yake, si na uzito wa mpitaji. Hata hivyo mafunzo hayako mbali. Tarehe 1 Machi 2010, huko Nametsi katika wilaya ya Bududa, baada ya mvua kubwa, mlima ulishuka juu ya kijiji, ukafukia nyumba, watu waliojikinga na mvua, na kituo cha afya. Mamia ya watu walikufa au hawakuonekana tena. Askari walipelekwa kufukua, nao walifukua kwa majembe na mabeleshi, maana mashine hazikuweza kufika. Waliofanya kazi ile wanajua maana ya kuchelewa.

Kwa hiyo nyumba iliyo mlimani na iwe na macho. Ufa mpya shambani juu ya nyumba, miti au nguzo zinazoanza kuinama, mlango ambao jana ulifungika na leo haufungiki, chemchemi inayotokea pasipokuwa na maji, kijito kinachogeuka rangi ghafla au kupungua wakati mvua inanyesha: hizo ni lugha za mlima. Na aghalabu wa kwanza kuziona si baba mwenye nyumba. Ni mama aendaye kisimani, au mtoto achungaye mbuzi.

Sajini hakuitupa methali ya wazee. Jeshi lisilo na utii si jeshi, ni kundi. Na nyumba ambayo kila mtu husema lake haijengeki. Lakini tangu kozi ile alibadili namna yake ya kutoa amri. Kabla ya safari alikuwa akiwaita watu wake, na kumwuliza kwanza aliye mdogo kuliko wote: "Wewe umeona nini?" Akamaliza kwa koplo, na yeye mwenyewe akasema wa mwisho, kwa maana alijua ya kuwa mkubwa akisema kwanza, waliobaki wote wameona alichokiona yeye. Baada ya kusikia wote, alitoa amri, na amri ikatiiwa. Heshima yake haikupungua. Askari wake wa zamani hata leo hupita kwake kumsalimu.

Yule kuruta naye alimtafuta. Alimkuta amekwisha kuwa koplo, katika kambi nyingine. Sajini akamwambia, mbele ya watu, "Siku ile ulisema kweli, nami nilikunyamazisha. Nisamehe." Koplo akapiga saluti, akasema, "Yamekwisha, afande." Kisha wakala pamoja.

Mwaka jana, wakati wa mvua, sajini na mkewe na binti yao wa miaka kumi na mmoja walikuwa wakienda ukweni kwenye matanga. Njia yao ilivuka kijito mlimani, mahali pembamba kati ya kingo mbili kali. Binti akasimama. "Baba," akasema, "asubuhi tulipochota, maji yalikuwa meupe. Sasa ni mekundu, na mvua haikunyesha hapa."

Walikuwa wamekwisha kuchelewa. Shemeji alikuwa amepiga simu mara mbili. Sajini akatazama juu ya kijito, asione kitu, ila ukungu. Akatazama chini, akamwona mtoto anangoja jibu, hana hakika kama ataulizwa ni nani aliyemtuma kusema.

"Turudi," akasema. "Tupite njia ya daraja."

Wakazunguka mwendo wa saa mbili, wakafika msiba umekwisha kuzikwa, wakapokewa kwa lawama. Kijito hakikufanya lolote. Siku ile hapakuporomoka hata jiwe moja. Walipokuwa wakirudi jioni, mkewe akamwuliza taratibu, "Baba watoto, hujuti? Mbona hapakutokea kitu?"

"Hicho ndicho tulichokizungukia," akajibu. Kisha akamwita binti yake, akamshika mkono, wakashuka pamoja. Naye mtoto akaendelea kumwonyesha kila alichokiona njiani.